Kompyuta Iliyozima Siku za Alhamisi

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, siku ya Alhamisi, kompyuta yangu ilizima yenyewe. Haikutoa mlio wala onyo. Kiooni palikuwa na mchoro wa ngazi ya nyumba ya ghorofa tatu, na kufumba na kufumbua kioo kikawa cheusi, nikajiona ndani yake nimeuma kalamu. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka na feni ya darini inazunguka, kwa hiyo umeme haukukatika. Nilisubiri dakika tano, nikabonyeza kitufe, ikawaka kana kwamba si yenyewe iliyozima. Nikafungua daftari jipya, nikaandika tarehe, saa, na kazi niliyokuwa nikiifanya.

Kazi yangu ni kupima nyumba kongwe za Mji Mkongwe na kuzichora, ili mwenye nyumba anayetaka kuitengeneza awe na karatasi za kuombea ruhusa. Sikuisomea. Nilianza kwa kumshikia fundi mwashi ncha ya pili ya tepu, nikaendelea kwa kuchora kwa mkono, kisha nikajifunza kuchora kwa kompyuta kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea sana. Kompyuta yenyewe ni ya mezani, na wakati huo ilikuwa inaingia mwaka wa tisa. Sanduku lake, ambalo wengi huliita sipiyu, hukaa sakafuni chini ya meza, katika chumba cha mbele cha ghorofa ya pili tunayoishi mimi na mke wangu. Kuta zetu ni za mawe na chokaa, unene wake unapita dhiraa moja.

Swali la kuibadilisha mashine ile nilikuwa nimelizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu lisilouma. Siku ile likaanza kuuma. Nilikuwa na nyumba moja kubwa mkononi, yenye vyumba kumi na tisa, na mwenyewe alitaka michoro yote baada ya miezi mitatu, mwishoni mwa mwezi, kabla ya mvua. Alikuwa mteja wangu wa pekee msimu ule.

Katika wiki sita zilizofuata mashine ilizima mara kumi na nne. Niliandika kila mara: saa, joto la chumba kwa kipimajoto nilichokitundika ukutani, dirisha limefunguliwa au limefungwa, ukubwa wa mchoro. Nilipozipanga zile mara kumi na nne nikaona jambo lililoninyima raha. Tisa kati yake zilitokea Alhamisi, baina ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mashine haijui Alhamisi. Haifungi saumu wala haiendi Ijumaa. Kwa hiyo nikajiambia kwamba kilichokuwa kinaijua Alhamisi ni kitu kilicho nje yake, na nikakaa siku mbili nikikitafuta. Siku ya tatu, nikiwa napanda ngazi, nikasikia jirani wa chini akiita aletewe pasi, na papo hapo nikadhani nimepata. Alhamisi jioni mtaa mzima hupiga pasi kanzu za Ijumaa. Pasi ni mlaji mkubwa wa umeme. Pasi mia zikiwashwa kwa saa moja, umeme wa mtaa hushuka, na mashine ya zamani haistahimili.

Niliazima mita kwa fundi umeme nikapima kwenye soketi. Jumatatu jioni nilipata volti mia mbili ishirini na moja. Alhamisi, mia mbili na tatu. Sijui kama mtu mwengine anaweza kuelewa furaha niliyoipata kwa tarakimu zile mbili.

"Sasa wewe unakwenda kuhesabu pasi za watu?" mke wangu aliniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kwenye ujia mara mbili kusikiliza.

"Nnahesabu volti."

"Hesabu. Iko siku watakuuliza unanusanusa nini milangoni kwao."

Nikanunua stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, kwa shilingi elfu themanini na tano. Alhamisi iliyofuata nilikaa mbele ya mashine na kijidaftari gotini. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili ikazima. Mshale wa stabilaiza ulikuwa umetulia kwenye mia mbili na ishirini, umekaa kitako kama mtu barazani kwake.

Ndipo nilipokwenda kwa muuzaji wa kompyuta Darajani. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza umri wa mashine, akatikisa kichwa.

"Ami, miaka tisa? Hiyo si kompyuta, hicho ni kizee. Jaribu kwanza kuiongezea ram, labda inazidiwa na michoro."

Niliongeza ram, yaani kumbukumbu ya mashine, kwa shilingi elfu sitini. Michoro ikaanza kufunguka upesi zaidi, hilo sikatai. Lakini Alhamisi ikazima vilevile. Niliporudi dukani alicheka.

"Basi, ami, kizee kipe mapumziko. Umekitumikisha, kimekuitikia, sasa mwache apumzike bi mkubwa." Akanionyesha mpya, yenye nguvu mara nne, kwa shilingi milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Kulikuwa na mtu mwengine anayeitaka. Angeniwekea mpaka Jumamosi saa kumi na moja jioni, si zaidi.

Mimi nilikuwa na laki nne.

Hapa lazima niueleze mchezo wa mke wangu. Wanawake kumi na wawili hutoa elfu themanini kila mmoja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao huzipokea zote. Zamu yake ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile: laki tisa na elfu sitini. Fedha hizo alikuwa ameshazipangia friza. Huuza barafu za ubuyu na ukwaju, na malai za maziwa siku za joto, lakini huzigandisha kwenye friza ya dada yake, mtaa wa pili, akipanda na kushuka ngazi mara sita kwa siku, na dada mtu kila kukicha analalamika samaki wake wananuka ubuyu. Alikuwa amepata familia moja Mbweni inayohama Jumapili, inauza friza kubwa kwa laki tisa. Akiikosa zamu hii, nyengine ni baada ya mwaka.

Jumatano, tukila chakula cha mchana, aliniambia, "Zichukue za mchezo, kanunue mashine."

"Na friza?"

"Friza ziko nyingi duniani. Mteja wako mmoja." Aliyasema hayo akiangalia sahani. Nimeishi naye miaka ishirini na tatu, na najua kwamba akinipa kitu bila kuniangalia, kitu hicho kinamuuma.

Nilipiga hesabu kila upande. Mashine mpya ingemaliza michoro kwa hakika, na ingekula friza. Kubaki na ile ya zamani kungeokoa friza, na huenda kungenipotezea nyumba ya vyumba kumi na tisa. Ijumaa fedha za mchezo zikaja zimefungwa kwenye kitambaa. Jumamosi asubuhi nikaamua kununua. Jambo moja tu lilibaki, kuitoa diski kwenye mashine ya zamani ili michoro yangu isipotee. Kazi hiyo sikutaka kumwachia muuzaji. Nikalifunga sanduku kwa shuka, nikachukua teksi hadi Jang'ombe kwa fundi ninayemwamini.

Fundi huyo ni mwanamke wa rika langu. Alifanya kazi kwenye kompyuta za ofisi kwa miaka mingi, kisha akachoka kuajiriwa, sasa huzitengeneza nyumbani kwake juu ya meza ambayo asubuhi hukatiwa mboga.

"Hodi."

"Karibu, kaka. Hee! Umeniletea maiti na sanda yake?"

"Mtoe diski tu. Mengine nitayazika mwenyewe."

Alifungua parafujo nne, akavuta ubavu wa sanduku, akasita. Akaingiza pua ndani. Akanitazama.

"Kaka, hii mashine imeolewa lini?"

"Vipi?"

"Inanukia chumba cha fungate. Hebu inuse mwenyewe."

Nikainama. Ulikuwa udi. Haukuwa wa jana wala wa wiki iliyopita. Ulikuwa miaka tisa ya udi imelala ndani ya bati. Fundi akaniwashia taa ya mkononi. Kile kipande chenye mbavu nyembamba, ambacho kazi yake ni kupoza ubongo wa mashine, hakikuwa na mbavu tena. Palikuwa na kitu kama kipande cha godoro, chenye rangi ya chai ya maziwa. Alikikwaruza kwa ukucha, na ukucha ukanata.

"Nyumba yenu ya chokaa?"

"Ya chokaa. Hupukutika kila siku."

"Vumbi la chokaa peke yake feni hulipuliza likapita. Hili limetiwa gundi. Mkeo hufukiza udi gani?"

"Anaupika mwenyewe. Sukari, marashi, sandali."

"Sukari! Basi mmeipaka mashine halua." Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Umewahi kulipima joto lake?"

Nikamwambia kuhusu kipimajoto changu cha ukutani na safu yake katika daftari.

"Ukutani? Mgonjwa ana homa, kaka, wewe unapima kitanda?"

Kila Alhamisi alasiri mke wangu hupitisha chetezo cha udi vyumba vyote kuipokea Ijumaa, kama alivyokuwa akifanya mama yake, na kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Nilikuwa nimeandika saa, joto, dirisha, volti na pasi za jirani. Harufu sikuiandika, kwa sababu nilikuwa siisikii tena.

Kabla ya kusafisha, fundi aliiwasha mashine na kunionyesha joto lake kwenye kioo: themanini na nne, nayo haijapewa kazi yoyote. Ikifika mia, alisema, hujizima yenyewe isijiunguze. Kisha akaisugua kwa brashi na spiriti, akabadilisha feni, akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto. Tukafungua mchoro wangu mzito kuliko yote, tukauacha ufanye kazi saa moja na robo. Joto likasimama kwenye hamsini na tisa.

"Itanifikisha mwisho wa mwezi?" nikamuuliza.

"Mimi si mganga. Nnakwambia joto. Isipofukizwa sioni kwa nini ife, lakini siwezi kuiapia."

Jibu lile lilinituliza zaidi kuliko mahakikisho yote ya dukani. Nikamlipa elfu arobaini, nikarudi na sanduku langu. Teksi, kwenda na kurudi, ilikuwa elfu kumi na tano.

Njiani, hata hivyo, niligundua kwamba jambo lenyewe halijakamilika. Uchafu unaeleza kwa nini mashine ilikuwa na joto, na labda zile mara tano za siku nyengine. Hauelezi Alhamisi, kwa maana uchafu nao haujui siku. Na chetezo kilikuwa kikipita chumbani mwangu kwa miaka tisa, dakika moja na kuondoka, bila ya mashine kuzima. Kuna kitu kilibadilika wiki ile ilipoanza kuzima. Saa ilikuwa saba na nusu mchana. Muuzaji alikuwa ananingoja mpaka saa kumi na moja, na fedha zilikuwa bado kabatini.

Nilimkuta mke wangu jikoni anachuja ukwaju.

"Bibi, hivi siku za Alhamisi chetezo unakiweka wapi?"

"Kwani kimeibiwa?"

"Nauliza tu."

"Si chini ya meza yako! Pale ubavuni pa hilo sanduku. Na wewe si unakuwepo?"

Nilikuwepo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kila Alhamisi nilikuwa nikiinua miguu nisiungue, kisha naishusha upande wa pili na kuendelea kuandika volti.

"Tangu lini kinabaki pale?"

Akaweka chujio chini. "Unamkumbuka shangazi yangu wa Chwaka, alipokuja ile Jumatano? Akasimama hapo mlangoni akaishangaa. 'Hiki kisanduku ndicho kinachowalisha nyote? Basi kinono!' Wala hakusema mashaallah. Nikasema moyoni, hilo ni jicho la husuda. Kesho yake Alhamisi nikakiacha chetezo pale kwa muda, kiisafishe."

"Na siku hiyohiyo ikazima."

"Ikazima! Ndiyo nikajua sikukosea. Wiki ya pili nikaongeza makaa."

"Na ya tatu?"

"Nikaongeza na udi."

Tulitazamana. Kila ilipozima, yeye alipata ushahidi wa jicho, nami nilipata ushahidi wa pasi. Nikamweleza aliyoyaona fundi, mbavu na sukari na halua, na kwamba mdomo wa sanduku unaovuta hewa uko upande uleule anaoweka makaa. Hakupenda. Udi wake husifiwa mpaka na watu wasiomsifu kwa kitu chengine.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiua."

"Sijasema hivyo. Sijui bado. Washa makaa."

"Leo Jumamosi."

"Ndiyo vizuri. Tuone kama inaijua siku."

Saa nane na nusu tulianza. Mashine iliwaka na mchoro mzito, nami nikafungua programu ndogo aliyoniwekea fundi ya kusoma joto. Mke wangu aliweka chetezo mahali pake pa siku zote, akatia chembe mbili za udi, akavuta kiti karibu yangu. Nilimwomba asome tarakimu kwa sauti, mimi niandike dakika.

"Hamsini na tisa. Hamsini na tisa. Sitini na moja. Hii inapanda, bwana. Sitini na sita." Baadaye hakuwa anasoma kwa ajili yangu tena, alikuwa ameegemea kioo kama mtu anayetazama mpira. "Sabini na mbili. Sabini na tano. Sabini na nane! Toa, toa, utaiua!" Na yeye mwenyewe akajitupa chini ya meza akakitoa chetezo. Zilikuwa zimepita dakika kumi na mbili. Iliichukua mashine dakika ishirini kushuka hadi sitini.

Nikataka kurudia vilevile, maana mara moja haithibitishi kitu. Yeye akasema hapana.

"Ukirudia hivyohivyo utapata hivyohivyo. Kiweke mlangoni, makaa yaleyale, udi uleule. Kama ni moshi tu, itapanda. Kama ni moto, itatulia."

Jaribio lake lilikuwa bora kuliko langu, na nilimwambia hivyo. Tukakiweka mlangoni. Dakika kumi na mbili, na joto halikupita sitini na mbili. Moshi, basi, ndio ulioiziba polepole miaka yote, na makaa ndiyo yaliyokuwa yakiimaliza kila Alhamisi.

Nilisali alasiri, nikarudi kukaa. Bado palikuwa na hatari. Fundi hakuiapia, nami nilikuwa nimeshawahi kuwa na hakika na pasi. Kama nimekosea tena, michoro haitamalizika na mteja atakwenda kwa mwengine, na fedha zitakuwa zimeshakuwa friza. Mke wangu alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga, na safari hii alikuwa ananiangalia.

"Piga simu Mbweni," nikamwambia.

"Na ikizima Alhamisi?"

"Nitachora kwa mkono, kama nilivyoanza. Nitalala kidogo, lakini nitamaliza."

"Na jicho?"

"Ifukize ikiwa imezimwa, na chetezo kisivuke kizingiti."

Akafikiri. "Kisivuke kizingiti ikiwa inawaka," akarekebisha. "Ikiwa imezimwa nitavuka." Tukakubaliana hivyo. Mimi nikampigia muuzaji wa Darajani, nikamwambia kizee kimeamka. Akasema, "Kitalala tena, ami, nipo."

Jumapili watu wanne waliipandisha friza, wakimtukana aliyejenga ngazi zetu, ambaye amekufa zamani. Alhamisi nilikaa mbele ya mashine tangu saa kumi alasiri. Udi ulipita koridoni. Niliusikia, na kwa mara ya kwanza nikauandika. Saa kumi na moja na nusu joto lilikuwa hamsini na nane. Maghribi ilipoadhiniwa lilikuwa hamsini na tisa, na mchoro wa ngazi upo kiooni. Michoro ya vyumba kumi na tisa niliikabidhi siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi.

Baadaye nilitaka kujua hasa tumepata nini, nikakaa na mke wangu tukakokotoa. Yeye alishikilia kwamba ram isihesabiwe hasara, kwa kuwa inafanya kazi. Mimi nikaihesabu, kwa kuwa niliinunua kwa sababu isiyo sahihi. Bei ya mashine mpya, ukitoa stabilaiza, ram, fundi na teksi: tuliokoa shilingi milioni moja, laki moja na elfu hamsini.